Kabla hujampigia mwandishi, nenda masjala

Mwalimu wa Temeke, usitume hiyo hela. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika hapa jukwaani kwamba una fainali ya pete na kikapu Jumamosi ya wiki ijayo, shule sita, na kuna jamaa "ana watu wake kwenye media" anataka laki tatu na nusu ili mtoke gazetini na kwenye TV. Nilipofika kwenye laki tatu na nusu nikaweka kikombe cha chai chini. Sijui kama jamaa yako ndiye yule wangu, ila bei ni ileile. Kila kitu kimepanda mjini hapa isipokuwa huyo.

Mimi nilitoa. Ilikuwa 2022, shule ya kata upande wa Mbagala. Nafundisha Jiografia, michezo nilipewa kwa sababu nilikuwa mgeni pale shuleni na nilionekana nimevaa raba. Mwezi wa tatu tukaandaa bonanza la shule nane, na timu yangu ya pete ilikuwa ya moto kweli. Nilikuwa na GS (mfungaji) mmoja wa Kidato cha Nne, wenzake walimwita Nondo. Mrefu, mkimya, ukimpa mpira ndani ya nusu duara wewe geuka tu urudi katikati, hesabu imeshaandikwa.

Sasa akaja mdau. Ndivyo alivyojitambulisha, "mdau wa michezo". Kofia, miwani, simu mbili. Akanikalisha kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu akaniambia maneno ambayo naona na wewe umeambiwa karibu neno kwa neno: "Mwalimu, siku hizi bila media hamtambuliki. Mkionekana kwenye TV, manispaa watawatafuta wenyewe." Nikaamini! Mtu mzima, nina digrii, namfundisha mtoto wa watu kusoma ramani, nikaamini kwamba afisa wa manispaa anakaa mbele ya TV na kalamu mkononi anasubiri kuniona.

Laki mbili zilikuwa mchango wa walimu kwa ajili ya chakula cha wachezaji. Laki na nusu nikatoa kikoba changu. Siku ya fainali watoto walikula mihogo na soda moja kwa wawili. Hilo bado linanikaa kooni.

Tulipanga kuanza saa nane. Saa nane mdau anapiga: "Msianze, gari la kamera liko foleni Rangi Tatu." Saa tisa, bado Rangi Tatu. Jumamosi hiyo mmoja wa wale wakubwa wawili wa Kariakoo, Simba na Yanga, alikuwa na mechi jioni Uwanja wa Mkapa, kwa hiyo mwandishi yeyote mwenye akili timamu alikuwa anaelekea huko. Ila mimi nimekaza, watoto wamekaa juani na bibu zao za herufi kifuani, GK (mlinda goli) kajifunika bibu kichwani kama mtandio, waamuzi wananitazama vile mtu anavyomtazama kondakta aliyekataa kurudisha chenji. Tukaanza saa kumi. Robo za dakika kumi tukazikata zikawa sita sita. Mgeni rasmi, diwani, alikuwa anawahi mechi na yeye, akahutubia robo ya tatu ikiendelea.

Kamera ikaja zimebaki dakika mbili mchezo uishe. Kijana mmoja, bodaboda, kamera ndogo. Gari la kamera nadhani bado liko Rangi Tatu mpaka leo.

Tulishinda. Na hapa ndipo lilipo kosa lenyewe, mwalimu, hapa nisome taratibu. Katika ile purukushani ya kumpanga diwani na kombe apigwe picha, waamuzi wakabeba mabegi yao wakawahi daladala. Hakuna aliyesaini kitu. Na cha kusaini chenyewe kilikuwa nini? Magoli yalikuwa yameandikwa nyuma ya daftari la Hisabati la mtoto wa Kidato cha Pili, vijistari vitanovitano. Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu rasmi ya mashindano yangu. Nikamwacha mwenyewe aondoke nalo.

Jumanne gazeti likatoka. Ukurasa wa ndani, chini kabisa, jirani na tangazo la dawa ya mende. Habari ilikuwa na sentensi saba, nilizihesabu. Sita zinamhusu diwani, aliyeahidi mipira mitano (tunaisubiri). Ya saba inasema mashindano "yalifana". Matokeo hayamo. Ila picha ilikuwa nzuri jamani, Nondo kanyanyua mpira juu ya kichwa, vidole vimekunjuka, GS inasomeka vizuri kifuani. Chini yake wameandika: mchezaji wa mpira wa kikapu, na jina la shule ambayo tuliifunga nusu fainali. TV hatukutoka kabisa. Mdau nikampigia, akasema "mhariri alibana". Simu ya pili haikupokelewa.

Unajua nilifanya nini? Nilinunua nakala kumi. Moja nikailaminishia stationery, nikabandika ubao wa matangazo, jina la shule nikalikata kwa biro nikaandika letu juu. Cheka tu, hata mke wangu alicheka.

Kilichofuata hakichekeshi. Ukafika mchujo wa timu ya manispaa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na siku ya mchujo Nondo yuko kitandani, malaria. Nikaenda kwa afisa michezo kumwombea. Nikaeleza: huyu ndiye mfungaji wetu, ametupa ubingwa wa shule nane. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Ubingwa wa nini, mwalimu? Hayo mashindano mbona sisi hatuna taarifa nayo?" Nikachomoa gazeti langu lenye laminesheni. Akalisogeza karibu na dirisha, akasoma, akanirudishia. "Huyu ni wa kikapu," akasema. "Na si wa shule yako."

Nilitafuta pa kuweka mikono sikupaona.

Na siwezi kumlaumu. UMISSETA inapanda ngazi: shule, kata, halmashauri, mkoa, ndipo taifa. Kwenye kila ngazi kuna mtu anayepokea makaratasi kutoka chini na kupeleka juu, na huyo mtu hafanyi kazi kwa sifa, anafanya kazi kwa faili. Angemwingiza Nondo bila kumwona akicheza, akaulizwa kwa nini, angejibu nini? "Kuna mwalimu alikuja na gazeti la dawa ya mende"? Kama kwenye faili lake kungekuwa na barua yangu ya taarifa na karatasi ya matokeo yenye saini za waamuzi, angalau ningekuwa na mahali pa kusimama. Bila hivyo bonanza langu lilikuwa sherehe ya kuzaliwa yenye filimbi.

Timu ya mkoa ikaenda Tabora, kwenye UMISSETA ya taifa, bila yeye. Mwaka huohuo michezo ya shule za Afrika Mashariki ilifanyika hapahapa nchini, Arusha. Sisemi angefika huko. Nasema hakupewa hata nafasi ya kukatwa. Na kwenye michezo hiyo ndiko shule binafsi zinakotafutia wachezaji wa kuwasomesha bure, si kwenye ukurasa wa mende. Yeye alipangiwa Kidato cha Tano mkoani, shule ambayo uwanja wa pete ulikuwa umepandwa mahindi. Alinitumia picha. Nguzo moja ya goli ilikuwa inaonekana katikati ya mabua.

Kuna mchangiaji mwingine hapa jukwaani amesema eti Fountain Gate, ile shule ya Dodoma, ni media iliyowatoa. Ndugu yangu, umeshika mkia ukadhani kichwa. Wale mabinti wa Dodoma walibeba ubingwa wa Afrika wa soka la shule kule Durban, Aprili 2023, mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, bingwa akaondoka na dola 300,000. Mpaka unakanyaga uwanja ule umeshapita mchujo wa ndani na wa kanda, na majina yako yameshakaa kwenye fomu za watu wazima. Magazeti yalikuja mwisho, kupokea kombe. Hakuna mdau wa miwani aliyewauzia sentensi saba.

Waandishi wenyewe sina ugomvi nao, tuelewane. Wengi wanaozunguka mitaani ni wa kujitegemea, habari isipotoka hakuna malipo, na nauli ni yake. Mhariri naye kurasa zake zinalishwa na Simba na Yanga, hata mazoezi yao ni habari, hata mchezaji kukosa mazoezi ni habari. Hasira zangu ni kwa yule anayekaa katikati, anayemuuzia mwalimu wa shule ya kata kitu ambacho mwandishi angekichukua bure kama angetumiwa kimeandikwa vizuri. Na anakuuzia kwa uongo mbaya zaidi, kwamba kuonekana ndiko kutambuliwa. Nilionekana mimi. Uliza nilitambuliwa kama nani.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, nimeilipia, wewe chukua bure: masjala kwanza (ofisi ya manispaa inayopokea barua na kutunza mafaili), kamera baadaye. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kupitia kwa mkuu wako wa shule, nakala kwa afisa elimu sekondari na afisa michezo. Taja tarehe, uwanja, shule zote sita. Chapisha mbili, peleka kwa miguu yako, ya kwako wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usikubali "iache hapo tutaishughulikia". Simama hapohapo mpaka igongwe. Mwombe afisa michezo aje au amtume mtu, hata nusu saa.

Halafu karatasi ya matokeo. Uichape kabla, usitegemee daftari la Hisabati. Majina yawe yale ya kwenye rejista ya shule, maana Nondo hayupo kwenye rejista yoyote duniani. Nafasi ya kila mchezaji, magoli kwa kila robo, waamuzi wawili, manahodha wawili, muhuri wa shule mwenyeji. Na saini zipatikane KABLA mgeni rasmi hajashika kipaza sauti. Akishashika tu, waamuzi wako wako stendi. Piga picha hiyo karatasi, Jumatatu asubuhi peleka nakala kwa afisa.

Mgeni rasmi akichelewa, anza. Kamera ikichelewa, anza. Mimi sasa hivi hata mkuu wa shule akichelewa naanza, tumeshagombana mara mbili.

Gazeti ukilitaka bado, utalipata. Jioni ileile andika aya tatu: nani kamfunga nani, ngapi kwa ngapi, nani kafunga. Weka picha mbili, na chini ya kila picha andika jina, mchezo na shule, herufi kubwa, kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kuona pete. Tuma WhatsApp kwa waandishi wawili watatu wa michezo kabla kurasa hazijafungwa. Chagua siku ambayo wakubwa wa Kariakoo hawachezi, ratiba iko wazi. Mwaka jana nilitoka mara mbili kwa njia hiyo, mara moja na jina la shule likiwa sahihi, nikapiga simu kushukuru mpaka mwandishi akaogopa.

Na wazazi wape taarifa kuhusu picha za watoto, sitaki kueleza kwa nini najua hilo.

Uliuliza na bei za jezi Kariakoo, halafu sijui mambo ya kurusha mubashara kwa simu. Hayo wengine watakujibu, mimi jezi zangu ni zilezile za 2022, zimebaki namba tu. Leo Jumanne. Masjala wanafunga saa tisa na nusu, na ukifika saa tisa watakuambia mwenye muhuri ametoka. Barua umeshaandika?