Swali la lugha: eti Pasteur alipata Oscar?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Napenda kuandika makala za filamu za zamani za Hollywood, zile za miaka ya 1930. Juzi nimeandika: 'Filamu ya tawasifu ya Louis Pasteur ilitoka 1936, aligundua chanjo ya kimeta na akapata Oscar kama muigizaji bora.' Rafiki yangu kanivaa, anasema tawasifu hapo ni kosa, niseme wasifu. Nani yuko sahihi? Halafu zile filamu za kabla ya sauti niziite filamu bubu au filamu za kimya?"

Marahaba. Rafiki yako yuko sahihi, ila kakamata kosa dogo, lile kubwa limepita mbele ya macho yake yeye akiwa anahangaika na herufi mbili za mwanzo.

Tuanze na hilo dogo tulimalize. Wasifu ni habari za maisha ya mtu zikielezwa na mwingine, tawasifu ni mtu kujieleza mwenyewe. Kwa mfano Shaaban Robert aliandika vyote viwili, Wasifu wa Siti binti Saad ni maisha ya yule mwimbaji wa Unguja, na Maisha Yangu ni tawasifu, humo anajisimulia yeye. Au nenda msibani, pale anaposimama mwanafamilia kusoma wasifu wa marehemu, siku marehemu akisimama asome mwenyewe hiyo ndo itakuwa tawasifu na hakuna atakayebaki kuisikiliza. Sasa Pasteur alifariki Septemba 28, 1895, na ndugu wawili wa Lumière wakaonyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio pale Paris Desemba 28 mwaka huohuo, miezi mitatu baadaye, yaani hata angetaka kujitengenezea picha yake asingewahi. Kwa hiyo ni filamu ya wasifu, au mimi napenda zaidi "filamu ya maisha ya Pasteur", kila mtu anaelewa na haimtishi mtu.

Haya, sasa kosa kubwa. Soma tena sentensi yako taratibu: "aligundua chanjo ya kimeta na akapata Oscar". Nani huyo? Aliyehangaika na kimeta, ule ugonjwa unaoua mifugo, ni Pasteur, yule mwanasayansi wa Ufaransa, ndo yeye mwaka 1881 alichanja kondoo hadharani pale Pouilly-le-Fort, waliochanjwa wakabaki wazima na wasiochanjwa wakafa. Aliyepata Oscar ni Paul Muni, mwigizaji wa Warner Bros., kwenye sherehe ya Machi 4, 1937, miaka zaidi ya arobaini baada ya Pasteur kuzikwa. Wewe umewapanda wote wawili kwenye a- moja, ile ya "yeye"! Na Muni mwenyewe hujamtaja popote, kwa hiyo msomaji asiyejua atatoka pale anaamini Hollywood ilimpa tuzo mwanasayansi kwa kuchanja kondoo.

Hii shida ya a- ipo kwenye kila habari, mtu anaandika "Juma alimwambia Ali kwamba amefukuzwa kazi" na hujui nani kafukuzwa, ila kwenye filamu za maisha ya watu inakuwa mbaya zaidi kwa sababu una watu watatu wanaovaa sura moja. Kuna mtu, Pasteur wa kweli. Kuna mhusika, Pasteur wa kwenye skripti, anayesema maneno ambayo Pasteur wa kweli hakuyasema (waandishi wake, Pierre Collings na Sheridan Gibney, nao waliondoka na Oscar zao usiku uleule). Na kuna mwigizaji, Muni mwenye ndevu za kubandika. Wote watatu Kiswahili kinawaita a-, hakina huruma.

Dawa ya kwanza ni ya kawaida, kila unapohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine taja jina upya, usione aibu ya kurudia. Dawa ya pili watu wengi hawaitumii na ndo ninayoipenda: yaliyomo kwenye filamu yape -na-, yaliyotokea duniani yape -li-. Angalia The Life of Emile Zola ya 1937, filamu ya maisha ya mwandishi wa Ufaransa, Muni tena na mwongozaji yuleyule William Dieterle. Katika filamu Zola anakufa usiku, kesho yake ndo Dreyfus, yule mwanajeshi aliyesingiziwa uhaini na Zola akamtetea, anarudishiwa heshima yake ya kijeshi mbele ya watu. Inaliza kweli. Lakini Zola alifariki 1902, kwa gesi ya sumu ya monoksidi ya kaboni iliyojaa chumbani, na Dreyfus alisafishwa jina 1906. Umeona? Sijasema "filamu imepotosha" wala nini, -na- na -li- zimefanya kazi yote, msomaji mwenyewe anaona Hollywood imekula miaka minne. Ungeandika zote kwa -li- ungekuwa umedanganya bila kukusudia.

(Kwa walokua na mikanda ya video mnakumbuka kanuni, stelingi hafi. Filamu ya Zola stelingi anakufa na bado ikabeba Oscar ya filamu bora, Machi 1938. Tulidanganywa sana.)

Sasa kuna neno "mhusika" lenyewe, hapa nataka tukae kidogo. Kwa Kiswahili mhusika ni yule wa kwenye hadithi, lakini pia ni mtu ambaye jambo linamgusa, ndo maana matangazo ya ofisini yanasema "wahusika wote wafike saa tatu". Mwaka 1932 kampuni ya filamu ya MGM walitoa Rasputin and the Empress, inayomhusu Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya mfalme wa Urusi, imechezwa na ndugu watatu wa familia moja, John, Ethel na Lionel Barrymore. Ndani yake kuna binti wa kifalme anaitwa Natasha na Rasputin anamwingilia. Mwanzoni mwa picha wakaweka maandishi kwamba baadhi ya wahusika wako hai bado! Basi Irina Yusupov, mke wa Felix Yusupov aliyekuwemo kwenye kundi lililomuua Rasputin 1916, akasema huyo Natasha ni mimi mnayenichafua, akaenda mahakamani London, na mwaka 1934 akashinda, akapewa fidia ya pauni 25,000. Kesi ilikuwa tamu hata kwa wanasheria maana filamu zilikuwa zimeanza kuongea juzijuzi tu, wakabishana hii kashfa tuihesabu ni ya mdomo au ni ya maandishi, majaji wakasema picha ni kitu cha kudumu kwa hiyo iende na ile ya maandishi. Baada ya pale ndo yakaenea yale maneno mnayoyaona mwisho wa filamu, kwamba wahusika ni wa kubuni na kama kuna kufanana na mtu halisi ni bahati mbaya tu.

Kosa la wale MGM kwa kweli lilikuwa la lugha. Mhusika hawezi kuwa hai, aliye hai ni mtu. Na wewe ukiandika "mhusika aliishtaki kampuni" utakuwa sahihi kwa maana ya pili ya neno na umekosea kwa maana ya kwanza, kwa hiyo kwenye makala za filamu mhusika muachie wa kwenye skripti pekee, huyo mwingine muite "mwenyewe", au "Irina halisi", au taja jina tu yaishe.

Nani atasema basi haiwezekani kabisa mtu anayeigizwa akapata Oscar? Padri Flanagan anakaribia. Alikuwa padri wa Nebraska mwenye makao ya watoto wa kiume, akiwa hai bado wakamtengenezea filamu Boys Town ya 1938, Spencer Tracy akaigiza nafasi yake na akapata Oscar, na kule kwenye makao ya padri ikafika sanamu ya Oscar yenye maandishi ya kumsifu. Hapo ukisema "Flanagan alipewa sanamu ya Oscar" ni sawa kabisa. "Flanagan alipata Oscar" hapana.

Mengine harakaharaka. "Aliigiza kama Pasteur" inaeleweka mtaani na mimi mwenyewe nasema, ila ukiiandika inasikika kana kwamba Pasteur naye alikuwa mwigizaji na Muni kamuiga staili, bora "alimwigiza Pasteur" au "aliigiza nafasi ya Pasteur". Ile "kama muigizaji bora" nayo ifute, sema "akapata Oscar ya mwigizaji bora", na ni mwigizaji, u ikikutana na i pale inageuka w. "Aliteuliwa" peke yake usiiache hivyo, kwa masikio yetu mtu akiteuliwa ameshapata cheo, kama mkuu wa mkoa, sema "aliteuliwa kuwania", maana Muni kwa filamu ya Zola aliteuliwa kuwania na akakosa, mwaka ule alichukua huyohuyo Tracy kwa filamu nyingine. Na ni "Oscar yake", ukiandika "Oscar wake" tutamtafuta mume.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Filamu ya maisha ya Louis Pasteur, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya kimeta, ilitoka 1936 na ikampatia Paul Muni, aliyeigiza nafasi hiyo, Oscar ya mwigizaji bora." Ndefu kidogo, lakini kila mtu ana chake.

Kuhusu filamu bubu au za kimya, tumia unayoipenda, mimi husema filamu bubu, kwa sababu kimya hazikuwa, ukumbini alikuwepo mpiga piano na pengine okestra nzima. Ila ububu uweke kwenye filamu usiuweke kwa mtu. George Arliss alimwigiza waziri mkuu Disraeli mara mbili, 1921 kwenye filamu bubu na 1929 kwenye yenye sauti, hiyo ya pili ndo iliyompa Oscar kwenye sherehe ya Novemba 1930. Kuna mahali niliwahi kuona imeandikwa "Disraeli bubu wa 1921", mtu aliyepanda ngazi zote za siasa za Uingereza kwa mdomo wake.