Maswali ya Wasomaji: Pweza wa madiko mawili wanalaliana kwa kiasi gani?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni kijana wa Mkoani, Pemba, na huisaidia kamati ya wavuvi ya shehia yetu kuweka takwimu. Kwa siku 12 tumepima uzito wa pweza wanaoshushwa katika madiko mawili (mahali pa pwani wavuvi wanapoteremsha na kuuza samaki), wapatao 400 kila diko. Nilifanya jaribio la t kwa programu ya R, thamani ya p (uwezekano wa kupata pengo kama hilo kwa bahati tu) ikatoka chini ya 0.001, nami nikaieleza kamati kwamba pweza wa madiko haya ni tofauti. Mzee mmoja akanambia: "Mwanangu, mimi nanunua kote kuwili, na pweza nnaowaona ni wale wale." Je, ipo njia ya kupima mafungu haya mawili yanaingiliana kwa kiasi gani?

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Wewe na mzee wako nyote mmesema kweli, kwa sababu mmejibu maswali mawili mbalimbali. Jaribio la t huuliza kama wastani wa madiko mawili waweza kuwa mmoja, na ukiwa na pweza 400 kila upande, pengo la robo ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi uzito unavyotawanyika kuzunguka wastani) linatosha kuishusha thamani ya p chini ya 0.001. Lakini matao mawili ya kengele (michoro ya jinsi uzito ulivyogawanyika) yenye upana sawa, yakiachana kwa pengo hilo, bado hulaliana kwa asilimia 90. Hata yakiachana kwa mchepuko sanifu mzima, hulaliana kwa asilimia 62 hivi. Mzee huyo, aliyewashika pweza hao kwa mikono yake, alikuwa anauona huo ulaliano.

Kipimo unachokitafuta huitwa kiwango cha kuingiliana, nacho ni eneo lililo chini ya matao yote mawili kwa pamoja. Tuchukue mfano wa kubuni. Diko la kwanza lina asilimia 30 ya pweza walio chini ya nusu kilo, 40 wa kuanzia nusu kilo hadi kilo moja, 20 wa kilo moja hadi mbili, na 10 waliozidi hapo. Diko la pili, kwa mpangilio huo huo, lina 10, 30, 35 na 25. Katika kila daraja chukua asilimia iliyo ndogo, kisha ujumlishe: 10 na 30 na 20 na 10, jumla 70. Madiko yaliyo sawa kabisa yangetoa 100, na yasiyokutana popote yangetoa sifuri.

Kwa uzito wenyewe bila ya madaraja, R hulichora tao kwa amri ya density. Ikiwa a na b ni uzito wa kila diko, andika hivi:

la <- log(a); lb <- log(b)
mwanzo <- min(la, lb) - 1
mwisho <- max(la, lb) + 1
fa <- density(la, from = mwanzo, to = mwisho)
fb <- density(lb, from = mwanzo, to = mwisho)
sum(pmin(fa$y, fb$y)) * diff(fa$x[1:2])

Nimetumia logi kwa sababu uzito haushuki chini ya sifuri, ilhali tao linalochorwa moja kwa moja juu ya kilo hulimwaga eneo lake upande huo wa hasi. Na kugeuza kipimo kwa logi hakubadilishi ulaliano wa kweli. Mwanzo na mwisho lazima viwe vimoja kwa matao yote mawili, la sivyo utalinganisha nukta zisizokabiliana.

Jambo linalowapotosha wengi ni ulainishaji wa tao. Mizani ya kuning'iniza ya dikoni mara nyingi husomwa kwa robo kilo, kwa hiyo daftari lako huenda limejaa "kilo na robo" na "kilo na nusu", na katikati yake hamna kitu. Ukilichora tao kwa ulainishaji mdogo, litatoka na meno kama msumeno. Ukizidisha, matao yatatanuka na kulaliana kuliko inavyostahiki. Jaribu kuongeza adjust = 0.5 na kisha adjust = 2 ndani ya density, na jibu likiyumba sana, iambie kamati hivyo hivyo.

Kipo pia kipimo cha Bhattacharyya, mtakwimu wa Kihindi, ambacho huzidisha sehemu za pande mbili katika kila daraja, huchukua kipeuo cha pili, kisha hujumlisha. Kwa mfano wetu wa juu hutoa 0.94, si 0.70, kwa hiyo usivilinganishe vipimo hivi viwili. Mimi ningebaki na cha kwanza, kwa kuwa mvuvi yeyote akichorewa matao mchangani atakifahamu.

Namba moja pekee haitoshi. Ipe mipaka kwa kuchota upya sampuli mara 1,000 kwa amri ya sample, lakini uchote siku, usichote pweza mmoja mmoja, kwa sababu pweza wa siku moja hutoka katika maji yale yale na mara nyingi kwa mikono ile ile. Mipaka itakuwa mipana, kwani siku 12 ni chache, na upana huo ndio hali halisi ya takwimu zako.

Kabla ya yote, fungua daftari utazame tarehe. Ikiwa diko moja mlilipima zaidi wakati wa bamvua, miamba ilipokuwa wazi na watu wakafika mbali, na jingine wakati wa maji mafu, basi tofauti mliyoipima huenda ni ya maji na si ya madiko. Hapo hakuna amri ya R itakayokuokoa. Mtarudi dikoni na kupima kote kuwili katika bamvua moja.