Maji ya kwenye kioo si lazima yawe maji ya kwenye boila

SWALI: Tumejitolea kufufua reli ya zamani na injini yake ya mvuke. Boila imepita jaribio la maji baridi bila kuvuja. Mzee wetu mmoja, dereva mstaafu, anasema vali za usalama zikifyatuka vizuri hakuna cha kuogopa, na maji yakipungua plagi ya risasi, kile kizibo cha madini laini juu ya chumba cha moto kinachoyeyuka kikikosa maji, itatuokoa. Kujaribu vioo vya maji, yaani mirija inayoonyesha kimo cha maji ndani ya boila, kila siku anaona ni kupoteza muda. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na mwambieni mzee kwa heshima zake zote.

Vali huzuia mvuke usizidi. Lakini bati la juu la chumba cha moto likikosa maji mgongoni, huiva, hulegea na kupasuka hata geji ya shinikizo ikisoma kiwango cha kila siku. Hapo maji yenye joto la nyuzi 180 hivi hugeuka mvuke kwa mpigo mmoja. Vali haina habari.

Plagi nayo ni ya kupiga kelele tu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, sawa, ila tundu lake ni dogo mno kushusha shinikizo, na ikifunikwa na magamba ya chokaa huenda isiyeyuke kwa wakati.

Kwa hiyo vioo. Mvuke ukishapanda, kabla injini haijasogea, fungeni koki za juu na chini, fungueni ya kumwagia, kisha jaribuni njia moja moja: ya chini iteme maji, ya juu iteme mvuke. Mkifunga ya kumwagia na kufungua zile mbili, maji yaruke juu kwenye kioo. Yakipanda kwa kujikokota, njia ya chini inaziba, na mnachosoma ni uongo. Kioo cha pili vilevile. Juni 1995, karibu na Gardners, Pennsylvania, injini ya treni ya watalii iliishiwa maji namna hiyo, njia ya kioo ikiwa imejaa magamba. Wafanyakazi watatu waliungua.

Wanaonichosha zaidi ni mafundi wa njia ya mkato, wale wa kurundika weldi juu ya ufa kisha wakasema "si haivuji?" Bati lililolika hadi nusu linaweza kupita jaribio la maji baridi bila kutoa jasho. Marekani sheria inataka boila ifunguliwe na kukaguliwa yote kila siku 1,472 za injini kufanya kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia, na haikuandikwa kwa kupenda karatasi. Aliyewapa cheti muulizeni alipima unene wa bati sehemu zipi, na stei zipi, yaani vyuma vinavyoshikilia mabati ya boila, alizigonga kwa nyundo. Akianza kuzungukazunguka, msiwashe moto.