Maswali Yenu: Peterborough kuna nini zaidi ya kanisa?

Mbukwenyi wasomaji. Siku hizi maswali ya Uingereza yanakuja kwa wingi, nadhani ni kwa sababu watoto na wadogo zetu wengi wapo huko kwenye unesi na vyuo, na wazazi nao wanaalikwa kwenda kusalimia. Mwezi huu nimechagua manne yanayogusa mji mmoja, Peterborough, na kaunti (tuseme mikoa ya kule) zilizouzunguka.

Shikamoo dada. Mdogo wangu ni nesi Peterborough, amenialika nikae kwake mwezi wa nane. Mi napenda sana historia ila kila nikimuuliza ananijibu hapa hamna kitu, kuna kanisa kubwa basi, ukitaka historia tupande treni twende London. Ni kweli? Kama sio kweli nianzie wapi? (Msomaji wa Kisasa, Dodoma)

Marahaba mdogo wangu. Si kweli hata kidogo. Mi nimefika pale wakati nipo masomoni na mpaka leo nikiulizwa mji gani wa Uingereza mtu akaujue vizuri nautaja huo kabla ya London, sasa naomba univumilie jibu litakuwa refu.

Anzia kanisani, ila usiishie kanisani. Pale palikuwa na nyumba ya watawa tangu mwaka 655 hivi, Wavikingi, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wakaiangamiza mwaka 870, ikajengwa tena, ikaungua 1116, na jengo unalolikuta leo lilianzwa 1118 likawekwa wakfu 1238. Miaka 120! Waliochimba msingi hakuna hata mmoja aliyeuona mwisho. Ukishaingia inua macho uangalie dari, ni ya mbao, imechorwa kwenye karne ya 13 na ipo mpaka leo, Ulaya nzima dari za namna hiyo zilizobaki zinahesabika.

Halafu sogea mbele upande wa kushoto, pembeni ya madhabahu. Utaona kaburi lenye herufi za dhahabu zinazosema hapa amelala Katharine Malkia wa Uingereza. Ndiye Katherine wa Aragon, mke wa kwanza wa mfalme Henry VIII, yule aliyeachwa ili mfalme amuoe Anne Boleyn. Henry alikataza kabisa asiitwe malkia tena, akataka aitwe mjane wa kaka yake tu, maana kabla ya hapo alikuwa ameolewa na kaka yake Henry aliyefariki kijana. Basi mama wa watu akafia kwenye ngome ya Kimbolton mwezi Januari 1536 akaletwa hapa akazikwa kwa cheo hicho cha mjane. Mwaka 1643 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe askari wa upande wa Bunge wakaingia kanisani wakalivunja kaburi lake. Likakaa hivyo miaka na miaka mpaka 1895, mke wa padri mmoja wa pale ambaye naye jina lake ni Katharine akawaomba kina Katharine wenzake nchini wachangie, wakachanga, ndio likawekwa jiwe lililopo sasa. Kwa hiyo hayo maandishi ya dhahabu usiyapite haraka, hicho cheo cha malkia kimerudishwa na michango ya wanawake. Na watu mpaka leo wanamletea makomamanga, ndiyo ilikuwa alama yake, utayakuta yamewekwa pale juu ya jiwe.

Ng'ambo ya pili ya madhabahu ndipo alipozikwa Mary malkia wa Scotland, aliyekatwa kichwa kwenye ngome ya Fotheringhay tarehe 8 Februari 1587. Mwaka 1612 mwanae mfalme James akamhamishia Westminster, lakini sehemu aliyolala mwanzo bado imewekewa alama. Sasa wakati unatoka geuka uangalie ukutani karibu na mlango mkubwa wa magharibi, kuna picha ya mzee ameshika koleo ana funguo, miguuni kwake kuna fuvu. Huyo ni Robert Scarlett, mchimba makaburi, alifariki 1594 akiwa na miaka 98 na inaelezwa malkia wote wawili ni yeye aliyewachimbia. Mi huyu mzee nampenda kuliko wafalme wote waliomo humo, mtu wa koleo kupewa ukuta wa kanisa kuu sio kitu kidogo.

Haya, sasa toka nje ya mji, hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapiga picha mbele ya yale matao matatu makubwa ya mbele ya kanisa wanarudi stesheni. Angalia hiyo habari yote niliyokueleza imetoka wapi. Malkia mmoja katokea Kimbolton, mwingine Fotheringhay. Na jiwe lenyewe lililojenga kanisa limetoka Barnack, kijiji cha kaskazini magharibi, walilichimba tangu enzi za Warumi wakalisafirisha kwa mito, likaenda mpaka kanisa kuu la Ely, na kufikia miaka ya 1500 jiwe zuri likawa limeisha. Nenda Barnack mdogo wangu. Utakuta uwanja mpana wa nyasi wenye vilima na mashimo kila upande, unapanda kidogo unashuka unapanda tena, na maua ya porini yanayopenda chokaa, sasa hivi ni hifadhi. Hivyo vilima ni kifusi walichotupa wachimbaji na yale mashimo ndiyo kanisa. Kwangu mimi kuliona lile shimo kulinieleza kanisa kuliko maelezo yoyote ya ndani.

Fotheringhay ngome haipo, imebaki tuta la udongo pembeni ya mto Nene na kipande cha ukuta. Panda juu ya tuta. Hapo hapo ndipo alipozaliwa mfalme Richard III mwaka 1452, wengi hawajui. Mabasi ya vijijini huko ni ya kuvizia, muombe mdogo wako apange siku yake ya ofu mwende na gari.

Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi hapa UDOM, naandika kazi kuhusu wafungwa wa kivita wa Norman Cross karibu na Peterborough. Nimechanganyikiwa, sehemu moja wanasema Peterborough ipo Northamptonshire, nyingine Huntingdon, nyingine Cambridgeshire. Ipi ni sahihi? Na kuna kitu naweza kupata nikiwa hapa hapa Dodoma? (Msomaji wa Ng'ong'ona)

Salama kabisa. Zote sahihi, inategemea unasoma karatasi ya mwaka gani. Tangu zamani Peterborough ilihesabiwa Northamptonshire ingawa yenyewe na vijiji vyake ilikuwa na mamlaka yake, na tangu 1889 ikawa na baraza lake la kaunti. Mwaka 1965 wakaiunganisha na Huntingdon. 1974 ikatupwa Cambridgeshire. 1998 ikapata halmashauri inayojitegemea, ila kwenye mambo ya heshima bado inahesabiwa Cambridgeshire. Na kusini ya mto Nene, kina Fletton na Woodston, palikuwa Huntingdonshire mpaka hapo 1965 wakati leo ukitembea unaona ni mji mmoja tu. Hili sisi tunalielewa vizuri, mtu wa Chemba akitafuta karatasi za babu yake lazima akazitafute Kondoa, maana Chemba kuwa wilaya ni 2012 tu.

Faida ya kujua hivyo ni kwamba nyaraka hazikuhama na mipaka. Daftari za ubatizo na ndoa za parokia za Peterborough zipo ofisi ya nyaraka Northampton. Fletton, Kimbolton na huko kwako Norman Cross ni ofisi ya Huntingdon. Whittlesey utaenda Ely. Stamford hata kama ni jirani kabisa ni Lincolnshire, kwa hiyo Lincoln. Mtu anaenda maktaba ya Peterborough, ambayo nayo ina nyaraka zake nzuri za mji, hapati anachotafuta anaondoka anasema hakuna historia. Ipo, ipo kabati lingine.

Kwenye mada yako: kambi ilifunguliwa 1797 kwa ajili ya wafungwa wa vita na Ufaransa, ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza duniani kujengwa maalum kwa kazi hiyo, vita ilipoisha 1814 wakafungua mageti na 1816 majengo yakabomolewa yakauzwa mbao kwa mbao. Wafungwa karibu 1,770 walifia pale, wengi kwa magonjwa. Waliobaki hai walikuwa wanachonga vitu kwa mifupa waliyobakiza jikoni, meli ndogo, nyumba, vidude vya kuchezesha, na vingine wanasuka kwa majani ya ngano, wanauza getini kwa watu waliokuja sokoni. Makumbusho ya Peterborough yana mkusanyiko mkubwa sana wa kazi hizo na mi nilisimama mbele ya meli moja ya mifupa nikashindwa kuondoka, kila kamba ya tanga ipo. Usiandike kazi yako kwa tarehe na idadi ya vifo peke yake, hebu zungumzia na mikono ile.

Ukiwa hapa: ramani za zamani za Uingereza zipo bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, unaweza kuziweka pembeni ya picha ya setilaiti ya leo ukalinganisha shamba kwa shamba. Historia za kaunti parokia kwa parokia zipo bure kwenye British History Online, na katalogi ya nyaraka za nchi nzima unaitafuta kwenye tovuti ya National Archives. Ukiona namba ya faili waandikie ofisi husika barua pepe, waeleze unatafuta nini hasa, sio "naomba habari za Norman Cross". Uliza gharama ya skani kabla hujaagiza.

Mwandishi, nasema kwa heshima. Kwa nini kurasa zetu ziishie kwa malkia wa Kiingereza wakati historia ya Mpwapwa haijaandikwa ipasavyo? Watoto ninaofundisha wanajua Henry VIII ila hawajui nani kazikwa kilomita mbili kutoka shuleni. (Mwalimu, Mpwapwa)

Mwalimu, nimelisoma swali lako mara kadhaa na nakubaliana na wewe. Ndiyo maana nazungumzia makabati na sio malkia tu. Wamisionari wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana cha Uingereza, walifika Mpwapwa 1876, na barua zao, ripoti zao, malalamiko yao ya maji na njaa, nyingi zipo leo kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanzishwa 1927 makao yake Dodoma, ninyi mkaja kuwa na dayosisi yenu, na hiyo dayosisi ya Mpwapwa ina undugu na ile ya Rochester kule Kent, mji mwingine wa kanisa kuu, la mwaka 604. Kwa hiyo mtu wa Mpwapwa anayetaka historia yake kuna siku atalazimika kufungua faili la Kiingereza, na anayejua namna faili za Kiingereza zinavyokaa atafika haraka.

Lakini barua za mmisionari zina macho ya mmisionari. Mgogo aliyemuonyesha kisima hatajwi jina. Hiyo nusu ya pili iko kwa wazee wenu na haisubiri, ningekuwa wewe ningewatuma watoto muhula huu huu na simu za kurekodi, waulize nani alihamia lini, wakati wa njaa walienda wapi, makaburi yale ni ya nani. Kisha waandike na jina la mzee aliyesema na tarehe. Watawa wa Peterborough baada ya ule moto wa 1116 walikaa chini wakanakili upya kumbukumbu za miaka iliyopita halafu wakaendelea kuandika mwaka kwa mwaka mpaka 1154, kwenye lugha waliyoongea nyumbani, yaani Kiingereza, wakati wakubwa wanaandika Kilatini. Shule yako inaweza kabisa kuwa na daftari kama hilo. Ukilianza niandikie, nitakuja.

Dada, tutakuwa Peterborough na watoto wawili, makanisa wameshayachoka. Tuwapeleke wapi penye historia wasisumbue? (Mama wa Chang'ombe, Dodoma)

Flag Fen, mashariki ya mji. Mwaka 1982 mtaalamu Francis Pryor alikuwa anatembea kwenye mfereji akajikwaa kwenye gogo, kumbe ni sehemu ya njia ya miti ya kilomita nzima iliyojengwa kuvuka maji kuanzia miaka kama 1300 kabla ya Kristo. Imedumu kwa sababu ilizama kwenye tope lisilo na hewa, ukitoa mti ule ukauacha juani unaharibika. Jirani kidogo kule Whittlesey, kwenye machimbo ya Must Farm, walifukua nyumba zilizojengwa juu ya nguzo zikaungua miaka kama 850 kabla ya Kristo zikaangukia mtoni na vyungu vyake, chakula kikiwa bado bakulini.

Halafu wapeleke Holme Fen. Mwaka 1851 walikausha ziwa kubwa la pale, wakazamisha nguzo ya chuma mpaka kichwa chake kikawa sawa na ardhi ili waone ule udongo mweusi wa majani yaliyooza utashuka kiasi gani ukikauka. Leo nguzo imesimama karibu mita 4 juu. Haikupanda, ardhi ndiyo iliyoshuka, na hapo mpo chini ya usawa wa bahari. Mwambie mkubwa asimame pembeni ya nguzo mumpige picha, na wavae viatu vya kuchafuka, hata kiangazi huko chini kuna maji.