Barua kwa mwanangu: kabla ya kushika drili, chagua uso wa ubao

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, na ile picha ya sanduku nimeikuza mpaka nikaiona kona vizuri. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, je, mtu anayejifunza useremala kwa kutumia jigi ya kutobolea matundu ya doweli, vile vijiti vya mbao vya kuungia, anajifunza kweli, au anajidanganya? Pili, kwa nini matundu yametoka safi na doweli zimeingia barabara, lakini kona imepishana milimita moja kwa juu na sanduku linayumba likiwekwa mezani? Naanza na hilo la pili. Ukilielewa, la kwanza halitakusumbua tena.

Itazame jigi yako. Ni kipande cha chuma chenye bushi ngumu, yaani kibomba kifupi ambamo biti ya drili inapita, na ukuta mdogo unaoegemea kwenye ubao. Kazi yake ni kuizuia biti isiyumbe, na kuipeleka umbali uleule kila mara kutoka pale ulipoiegemeza. Hapo kwenye kuegemeza ndipo palipo na siri yote. Jigi haijui upi ni upande wa juu wa sanduku lako. Haijui kama ubao una upana wa milimita 200 au 201. Wewe ndiye unayeiambia, kwa kuchagua ukingo wa kuiegemeza.

Sasa chukulia kwamba ubao wa ubavuni una upana wa milimita 200 na wa mbele una 201. Tofauti hiyo huioni kwa macho. Ubao wa kwanza ukautoboa jigi ikiwa imeegemea ukingo wa juu. Wa pili ukaugeuza ili uukamate vizuri kwenye jiliwa, na jigi ikaegemea ukingo wa chini. Matundu yote ni safi, nafasi baina yake ni sawa, doweli zinaingia. Lakini ile milimita moja ya ziada imehamia juu, na ndiyo unayoigusa kwa kidole kwenye kona. Kama mbao zote mbili zingetobolewa kutoka ukingo wa juu, milimita hiyo ingebaki chini, nawe ungeiondoa kwa randa mara chache tu.

Kwa hiyo, kabla hujagusa drili, chukua penseli. Kila ubao uchagulie uso mmoja, ule utakaoonekana nje, uuchoree alama kama mkia uliojikunja. Mkia huo uishie kwenye ukingo ulionyooka kuliko mwingine, na hapo uchore mshale unaoelekea kwenye ukingo wenyewe. Kuanzia hapo kila kipimo, kila skwea (kile kipimio cha pembe mraba) na kila jigi iegemee upande wenye alama. Ukijikuta unatoboa na alama huioni, simama. Panga mbao zote nne mezani kama zitakavyokaa kwenye sanduku, alama zote zitazame nje na mishale yote juu, kisha andika namba kwenye kona: 1 kwa 1, 2 kwa 2, hivyo hivyo. Kazi hii ya dakika chache naipenda kuliko kifaa chochote cha bei kubwa, na nakusihi usiiruke hata siku moja.

Kuyumba kwa sanduku ni jambo jingine. Hapo naona sababu mbili, na lazima ujue ipi ni yako. Huenda ubao umepinda kama parafujo. Chukua fito mbili zilizonyooka, uweke moja kila mwisho wa ubao, uinamishe jicho na uzitazame kwa mstari mmoja. Kama fito ya nyuma imeinuka upande mmoja, ubao umejisokota, na jigi haiwezi kuunyoosha. Unyooshe kwa randa au uchague mwingine. Sababu ya pili ni kichwa cha ubao, yaani mwisho wake uliokatwa kwa msumeno, kutokatwa pembe mraba. Digrii moja tu ya upotofu, kwenye ubao wa upana wa milimita 200, inakuwa milimita tatu na nusu ukifika ukingo wa pili. Jigi ikiegemea kichwa kilichokatwa mshazari, itatoboa mshazari kwa uaminifu wote.

Na hiyo skwea unayoitumia, umeikagua? Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana, uwazi unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Fanya hivyo leo, kabla ya jambo lolote.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, hujidanganyi. Wanaosema jigi ni ya mvivu wanasahau kwamba maseremala wamekuwa na vifaa vya kuongozea vya namna hii tangu zamani: kile kisanduku cha kukatia pembe za digrii 45, au ubao wa kuongozea randa kwenye vichwa vya mbao. Kuna kisa ninachokipenda sana. Mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye bandari ya jeshi la majini la Portsmouth, Uingereza, ziliwekwa mashine za kutengeneza kapi za mbao za merikebu, zile za kupitishia kamba. Marc Brunel ndiye aliyezibuni, Henry Maudslay akazitengeneza. Kufikia mwaka 1808 zilikuwa zinatoa kapi 130,000 kwa mwaka. Kinachonivutia si wingi huo. Mashine ya mwanzo, ilipolikamata gogo ili kulitoboa, iliacha vishimo vidogo, na mashine zilizofuata zililishika gogo kwa vishimo vilevile. Safari nzima ya kapi ilianzia alama moja. Wewe na penseli yako mnafanya jambo hilohilo.

Kinachonitia wasiwasi ni mtu kujifunza jigi bila kujifunza ubao. Itumie jigi miezi ya mwanzo kwa sababu itakupa viungo imara mapema, na mtu anayeona kazi yake imesimama hupata moyo wa kuendelea. Lakini sambamba nayo, kila wiki, randa kipande kimoja mpaka uso na ukingo vikae mraba, na utoboe matundu kadhaa kwa kupima na kuchora mwenyewe, kwenye mabaki. Hapo mkono utaanza kuhisi biti inapotaka kufuata nyuzi za mti badala ya kwenda wima, na utajua jigi inakuzuilia nini hasa.

Kuhusu vipimo ulivyouliza pembeni: ubao wa milimita 18 unatosha doweli ya milimita 6, kwa kuwa kipenyo cha theluthi moja ya unene ni kiasi kizuri. Kwa doweli ya urefu wa milimita 30 kwenye kona, toboa milimita 12 kwenye uso wa ubao na 20 kwenye kichwa cha ubao mwenzake. Hizo milimita mbili za ziada ni za gundi. Ikikosa pa kwenda, itasukuma kiungo kisifunge. Angalia pia kwamba kizuizi cha kina unachofunga kwenye biti lazima kihesabu na urefu wa bushi, na kwamba biti ya mbao ina ncha ya katikati inayotangulia. Ukipima kina kwenye makali ya pembeni na kusahau ncha, siku moja itachungulia upande wa pili wa ubao, tena upande wenye alama. Toboa kwanza kwenye kibao cha mabaki cha unene uleule. Tumia doweli zenye mifereji, zinapitisha hewa na gundi.

Vaa miwani. Vaa na barakoa, hata ukiwa unapiga msasa kidogo tu: vumbi la mbao limeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hapa sibembelezi, ni mama yako anayesema.

Sanduku hilo usilitupe. Kama hujatia gundi, libomoe taratibu, ziba matundu ya ubao mmoja kwa doweli na gundi, uache usiku kucha, kisha kata zilizotokeza na utoboe upya kutoka ukingo wenye mshale. Ukiunganisha, funga kwanza bila gundi na upime kona kwa kona, mishazari yote miwili. Ikilingana, sanduku ni mraba. Ikipishana, sogeza klampu (vibanio) kidogo kufuata ule mshazari mrefu, upime tena. Gundi ikishaingia una dakika chache tu, kwa hiyo kila kitu kiwe mezani tayari: klampu zimefunguliwa kiasi chake, kitambaa chenye maji, nyundo ya mbao.

Kabla hujafungua chupa ya gundi, nipigie picha mbili: moja ya skwea ikiwa ndani ya kona, nyingine ya mbao zote nne zimepangwa na alama zinaonekana. Nitakujibu usiku huohuo.

Mama yako