Sukari Ilipanda Kabla Sijatia Kitu Kinywani

Huu ni mwaka wa 9 tangu niambiwe nina kisukari cha aina ya pili, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ugonjwa huu unakaa kwenye sahani tu. Nilipunguza ugali, nikaacha soda, nikameza metformini, dawa ya kushusha sukari, bila kukosa. Kisha ukaja mgogoro wa shamba aliloacha marehemu baba, na asubuhi moja, baada ya kikao cha ndugu kilichovunjika kwa matusi, kipimo cha sukari kilisoma 13.8 mmol/L kabla sijatia kitu kinywani, ilhali nilizoea kuona 7.

Muuguzi wa kliniki alilitazama daftari langu, akauliza, "Mama, nyumbani kuna nini wiki hii?" Nililia palepale. Aliniacha nimalize, ndipo akanieleza kwamba mtu anapokasirika au kuogopa, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, na ini huachia sukari iliyohifadhiwa ndani yake ili misuli ipate nguvu; mwenye afya huishusha kwa insulini yake, sisi hubaki nayo kwenye damu.

Tangu siku hiyo, pembeni mwa kila namba ninaandika neno moja: hasira, msiba, sikulala, shwari. Nawe fanya hivyo, kwa sababu daktari anayeona namba peke yake anaweza kudhani kwamba dawa imeshindwa.

Hofu nayo inataka uangalifu, maana kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio ni dalili za wasiwasi na pia za sukari kushuka. Pima kwanza. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Na usipokuwa na kipimo, ichukulie kuwa imeshuka. Huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, hadi hata dawa unaona hazina maana, itaje kliniki kama unavyotaja ganzi ya miguu.

Lililonishinda zaidi ni aibu. Kuna miezi niliyoacha kupima kwa kuogopa kuiona namba, na harusini nilikula pilau na kunywa soda ili mawifi zangu wasinione mgonjwa. Mwishowe nilimweleza wifi mkubwa ukweli wote. Siku hizi kwenye shughuli yeye ndiye anayenipakulia: wali kiasi cha ngumi, kachumbari tele, na chupa ya maji kando, bila kunisemesha neno mbele za watu.