Barua kwa mwanangu, kuhusu Agosti

Mwanangu mpendwa,

Salamu zimefika, na picha za wajukuu nimeziona. Unauliza kama watoto wamefika umri wa kupelekwa kwenye bustani ya ukumbusho wa waliouawa na bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, wakasome majina yao ukutani. Umri si kitu. Ninachowaza ni kwamba watakuuliza: baada ya hapo mlifanya nini?

Nchi hii inajua kukimbilia, haijui kukaa. Umenisikia nikisema hivyo tangu uko shule, na nitasema tena. Ile Ijumaa ya bomu, 7 Agosti 1998, nani aliitwa? Jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, limeporomoka, vumbi halijatua, watu washaanza kufukua kwa mikono. Matatu zilibeba majeruhi kwenda hospitali ya Kenyatta, wala hakuna aliyetajiwa nauli. Baba yako, na unajua anavyoogopa sindano, alipanga foleni ya kutoa damu hadi jioni, akarudi anatamba utadhani katoka vitani. Mpaka leo nikimkumbuka nacheka.

Ya shangazi yako unayajua: kishindo cha kwanza kilichowavuta watu madirishani, halafu ule mlipuko wenyewe, na vioo. Nisichokusimulia ni siku niliyomshika mkono, miaka kadhaa baadaye, tukaenda ofisi fulani kufuatilia pesa za matibabu ya macho. Karani, kijana mwenye adabu zake, akamtaka alete barua ya mkuu wake wa kazi kuthibitisha kwamba siku ile alikuwa kazini. Shangazi akamwambia, “Mkuu wangu yuko ukutani kule bustanini. Nenda ukamwombe sahihi.” Kijana akasema pole mama, lakini faili haiendi bila barua. Nilitaka kupiga kelele. Shangazi yako akanivuta tukaondoka.

Utasema nalaumu tu. Haya, bustani ilijengwa. Sheria ya kuzuia ugaidi ilipitishwa 2012, na siku hizi huingii dukani bila mkoba kupekuliwa. Magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate 2013, tulitoa damu tena, tukachanga tena. Chuo kikuu cha Garissa 2015, watu 148 wakauawa, tukalia tena. Labda nchi isiyo na pesa haiwezi kumuuguza kila mtu miaka yote. Labda. Lakini Westgate lilifunguliwa upya hata miaka miwili haijatimia, kwa hiyo pesa za vioo hupatikana, za macho ndizo hazipatikani. Na Sudan, iliyolaumiwa kuwasaidia waliolipua ubalozi, ilipoipa Marekani dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa, wapita njia wa Nairobi na makarani wa majengo ya jirani hawakuwa kwenye hesabu. Tunajua kukimbilia, nakwambia. Kukaa ndiko kunatushinda.

Sasa hao watoto. Ulimi unaniwasha, lakini wewe ndiye uliyewazaa na sitakuamulia. Ila ukienda, mpitie shangazi yako uende naye. Awasimulie mwenyewe, anapenda kuulizwa, hapendi kuhurumiwa. Na usiende tarehe 7 yenyewe. Siku hiyo waheshimiwa huja na hotuba zao, na yeye hana kawaida ya kuwaacha wamalize.

Mama yako